Nimemchoka samaki simba wangu: nimwachie baharini Kunduchi?

*Swali:* Mwalimu, shikamoo. Nakaa Mbezi Beach, sebuleni nina tangi la maji ya chumvi la lita 400. Miezi michache iliyopita niliuziwa samaki simba, mwekundu mwenye mistari myeupe, urefu wake kama kiganja cha mkono. Fundi aliyeniuzia anasema ametoka Indonesia. Ni mzuri mno, kila mgeni anayeingia humsogelea yeye kwanza. Lakini ameshawameza samaki wangu wadogo wawili, na mke wangu anaogopa miiba yake kwa ajili ya watoto. Nimewaza nikamwachie pale Kunduchi, maana nasikia hata kwetu wapo. Shemeji yangu aliyeko Florida amenikataza kabisa. Anasema kwao samaki hawa ni wavamizi, watu wanawachoma kwa mikuki kwa sababu wamemaliza samaki wa miambani. Mkweli ni nani? Na nikimwachia hapa kwetu, ubaya uko wapi?

*Jibu:* Marahaba, mwanangu. Nianze na la haraka, maana pengine ndoo umeshaiandaa: usimwachie baharini. Si Kunduchi, si Mbweni, si Kigamboni, wala usimtumbukize kwenye mfereji kwa kudhani atafia njiani. Mwache kwenye tangi, lifunike vizuri, kisha tuzungumze. Shemeji yako amesema kweli, na wewe uliyesikia kwamba kwetu wapo umesikia kweli vilevile. Kweli hizo mbili hazigombani, na ukizielewa zote utaona mwenyewe kwa nini nakukataza.

Samaki simba si wa aina moja. Anayepatikana kwa wingi zaidi kwenye pwani yetu ni yule ambaye wanasayansi wanamwita Pterois miles. Huyo ni mwenyeji wa Bahari ya Hindi na Bahari ya Shamu, amekuwapo hapa kabla ya jahazi la kwanza kutia nanga. Ukivaa miwani ya kuzamia ukaenda Mbudya au Bongoyo, ukachungulia chini ya mwamba mchana, unaweza kumkuta ameganda kivulini, mara nyingine kichwa chini mkia juu, au tumbo limeelekea dari la pango, katulia kana kwamba hapo ndipo palipo sakafu. Wapo pia ndugu zake: Pterois radiata mwenye mistari myembamba myeupe na miiba isiyo na madoa, Pterois antennata mwenye mapezi ya kifuani yaliyochanika kama nyuzi ndefu nyeupe, na wale wadogo wa jenasi ya Dendrochirus.

Wako wewe, kama kweli ametoka Indonesia, kwa uwezekano mkubwa ni Pterois volitans, ambaye makazi yake ni Bahari ya Pasifiki na upande wa mashariki wa Bahari ya Hindi. Kwa macho tu utashindwa kumtofautisha na wetu. Wataalamu huhesabu vijiti laini vya mapezi: volitans kwa kawaida ana 11 nyuma ya miiba ya mgongoni na 7 kwenye pezi la chini karibu na mkia, miles ana 10 na 6. Nayo ni kazi ya kufanywa samaki akiwa amelala mezani, si akiwa anaelea sebuleni kwako. Kwa hiyo usijipe moyo kwamba "anafanana na wa kwetu". Kufanana hakukupi uhakika wowote.

Kuhusu wale wawili aliowameza, usimkasirikie. Ngoja nikueleze anavyowinda, kwa sababu uharibifu wote anaousema shemeji yako umeanzia hapo. Jua likikaribia kuzama, samaki simba hutoka chini ya mwamba wake. Hakimbizi windo. Huyatandaza yale mapezi mawili makubwa ya kifuani, moja huku na moja kule, akawa mpana kuliko alivyo, kisha humsogelea samaki mdogo polepole, akimsukuma kuelekea kwenye kona ya jiwe. Samaki mdogo anaona kitu chenye manyoya na mistari, hakifanani na samaki wala hakina haraka ya adui. Wakati mwingine simba humpulizia maji kwa mdomo. Samaki akihisi mkondo wa maji, desturi yake ni kugeuka aukabili. Basi yule mdogo hugeuka, na akishageuka, kichwa chake kimetazamana na kinywa. Kinywa kinafunguka, maji yanavutwa ndani, na samaki anaingia na maji. Kufumba na kufumbua, pale palipokuwa na samaki hapana kitu. Kumeza kwa kutanguliza kichwa kuna faida yake, maana magamba na miiba ya windo hulala, haikwami kooni.

Tumbo lake nalo ni la kutanuka. Limepimwa likaonekana linaweza kuvimba hadi mara 30 ya ukubwa wake likiwa tupu. Huko Bahamas, watafiti walimwona mmoja akimeza samaki wadogo 20 ndani ya dakika 30. Ukimweka kwenye tangi lenye samaki wanaoingia kinywani mwake, umemwandalia meza.

Sasa twende Florida. Mwaka 1985 samaki simba alipatikana karibu na Dania Beach, kusini ya Florida, mahali ambapo aina hiyo haijawahi kuishi. Kati ya makazi yake ya asili na pwani ile kuna bara zima la Amerika kwa upande mmoja na Afrika nzima kwa upande mwingine, hivyo hakufika kwa kuogelea. Shemeji yako huenda akakusimulia ile habari ya kimbunga Andrew cha mwaka 1992, kwamba kilibomoa tangi moja kubwa la samaki kando ya bahari, simba sita wakatorokea majini. Habari hiyo imesambaa sana, lakini tarehe zenyewe zinaikataa, kwa sababu yule wa 1985 alitangulia kimbunga kwa miaka saba. Maelezo yanayokubalika ni mepesi zaidi, na kwangu mimi yanauma zaidi: watu waliokuwa wakifuga samaki hawa majumbani waliwaachia. Hawakuwa na nia mbaya. Samaki alikua, tangi likawa dogo, wenziwe wakaliwa, mwenye nyumba akamwonea huruma, akachukua ndoo akashuka ufukweni. Alifikiri anamfanyia wema. Vipimo vya vinasaba vimeonyesha kwamba jeshi zima lililoko Atlantiki leo limetokana na samaki wachache mno.

Kwa miaka kadhaa hakuna aliyeshtuka. Kuanzia mwaka 2000 wakaanza kuonekana mara kwa mara North Carolina na Bermuda. Mwaka 2004 wakaingia Bahamas, mwaka 2007 wakawa Kuba, na kufikia 2010 wamo Ghuba ya Meksiko. Mwaka 2014 mmoja akapatikana kusini kabisa, kwenye pwani ya Brazili. Leo wametapakaa Karibi yote, tangu maji ya goti kwenye mizizi ya mikoko hadi kina cha takribani meta 300, ambako hakuna mzamiaji wa kawaida anayefika.

Siri ya kasi hiyo ni uzazi. Jike hukomaa kabla ya kutimiza mwaka au karibu na hapo. Kila baada ya siku chache, maji yakiwa na joto, hutoa mipira miwili ya ute iliyojaa maelfu ya mayai, ikaelea juu ya maji. Kwa mwaka anaweza kutoa mayai yapatayo milioni mbili. Watoto wanaoanguliwa hubebwa na mkondo kwa karibu mwezi mmoja kabla ya kutua kwenye mwamba, na kwa muda huo mkondo unaweza kuwafikisha nchi nyingine kabisa.

Na samaki wa huko hawakumjua. Samaki mdogo wa Karibi hakuwahi kuzaliwa na hofu ya kitu chenye umbo lile, hivyo alisimama akimtazama mpaka akaingia kinywani. Utafiti uliofanywa Bahamas na kutolewa mwaka 2008 ulilinganisha miamba midogo yenye samaki simba na ile isiyo naye. Baada ya wiki tano tu, idadi ya samaki wachanga waliokuja kutua kwenye ile yenye simba ilikuwa pungufu kwa asilimia 79. Utafiti mwingine, hukohuko Bahamas, ulionyesha uzito wa samaki anaowala ukishuka kwa asilimia 65 ndani ya miaka miwili. Samaki wachanga ndio changu na chewa wa mvuvi wa kesho. Tena miongoni mwa wanaoliwa wamo wale wanaokula mwani unaoyasonga matumbawe. Wakiisha hao, mwamba wenyewe unafunikwa.

Ndiyo maana kule wanawachoma mikuki. Wanaandaa mashindano ya kuwavua, wanahimiza watu wawale, na mwaka 2014 jimbo la Florida lilipiga marufuku kuingiza samaki simba hai. Nyama yake ni nyeupe, laini, haina sumu. Sumu iko kwenye miiba peke yake. Kazi hiyo inasaidia: mwamba unaosafishwa mara kwa mara samaki wake hurudi. Kuwamaliza kabisa imeshindikana, kwa sababu waliojificha kwenye kina kirefu huendelea kutaga, na mkondo huleta wengine. Watu wa Karibi watabaki na kibarua hicho kwa vizazi, na kilianzia kwenye ndoo za watu wachache.

Kuna sehemu ya pili ya habari hii ambayo hapa kwetu haisemwi sana, nami ningependa isemwe, kwa sababu inamhusu samaki wetu wenyewe. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869 uliunganisha Bahari ya Shamu na Mediterania. Mwaka 1991 Pterois miles mmoja akapatikana kwenye pwani ya Israeli. Mwaka 2012 wakaonekana Lebanoni, kisha wakamiminika Saiprasi, Uturuki, Ugiriki, na hadi Tunisia na Italia. Ni yuleyule unayeweza kumkuta chini ya mwamba Mbudya. Huku ni mkazi mtulivu, asiyesumbua mtu, na pengine mzamiaji hapati kumwona hata mmoja kutwa nzima. Kule ni janga. Samaki hakubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni majirani.

Huku kwetu anazaliwa katikati ya watu wanaomjua. Samaki wadogo wa Bahari ya Hindi wameishi naye tangu enzi na enzi. Yeye naye ana wanaomla: yuko chewa, na kule Bahari ya Shamu amewahi kukutwa tumboni mwa samaki mrefu mwembamba mwenye mdomo kama filimbi. Ana vimelea vyake vinavyomsumbua, na ana wawindaji wengine wanaogombania naye chakula kilekile. Watafiti bado wanajadiliana ni lipi kati ya hayo lenye uzito mkubwa zaidi, lakini matokeo yanaonekana wazi ukihesabu: kwenye makazi yake ya asili ni wachache kwa eneo kuliko alikovamia, na hata umbo lake huku ni dogo. Wa Atlantiki wanafika sentimeta 47, wa asili hawafiki huko.

Kwa hiyo, jambo ambalo hukuuliza lakini najua wapo wanaolifanya baada ya kutazama video za Florida: usiende kumchoma mkuki samaki simba wa Bongoyo ukidhani unaiokoa bahari. Ni mwenyeji, mwache. Isitoshe, Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu tangu mwaka 1975, na humo hairuhusiwi kuvua samaki yeyote. Anayetaka kuisaidia miamba yetu aache kununua samaki waliovuliwa kwa baruti, asikanyage matumbawe, na asitupe plastiki ufukweni. Huo ndio msaada tunaouhitaji.

Utaniuliza: kama wapo kwetu tayari, mmoja akiongezeka ana neno gani? Ana maneno mengi. La kwanza, wako si wa kwetu. Ni ndugu wa karibu, na vinasaba vinaonyesha kwamba koo hizi zimekwisha kuchanganyika huko nyuma, lakini hiyo haikupi ruhusa ya kuwachanganya kwa mkono wako. La pili ni ugonjwa, na hili ndilo linalonitia hofu zaidi. Samaki wako amevuliwa mbali, akakaa kwenye ghala la muuzaji pamoja na samaki wa bahari mbalimbali, akasafirishwa, akawekwa kwenye maji yaliyopitiwa na wengine. Anaweza kuwa amebeba vimelea ambavyo havimuui yeye, vikaenda kuua samaki wa Kunduchi ambao hawajawahi kukutana navyo. Kwa sababu hiyohiyo, hata kama angekuwa amevuliwa hapa Dar, akishakaa tangini na wageni, safari yake ya kurudi baharini imekwisha. La tatu, ukishaona ni kawaida kumwaga samaki mmoja, kesho utamwaga konokono, keshokutwa mwani na maji ya tangi. Mediterania wameshalipata hilo: mwani wa Caulerpa taxifolia ulionekana kwenye maji ya Monako mwaka 1984, mbele ya jumba la maonyesho ya samaki lililokuwa likiufuga, ukaenea ukafunika nyasi za baharini kwa maelfu ya hekta.

Nasi hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Tazama juu ya bati lako asubuhi. Kunguru wale weusi wenye shingo ya kijivu, wanaochakura taka na kula makinda ya ndege wengine, waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 kutoka India ili wasaidie kula uchafu mjini. Leo wametanda Dar es Salaam nzima, na kampeni za kuwatega na kuwaua hazijawamaliza. Ziwa Victoria nalo lilipandwa sangara miaka ya 1950 na 1960, na furu wa aina nyingi, ambao hawakupatikana popote pengine duniani, wametoweka. Waliofanya hayo walikuwa na sababu zao nzuri siku ile, kama wewe ulivyo na yako leo.

Basi, ufanye nini? Una njia mbili za halali: kumtunza ipasavyo, au kumkabidhi kwa anayeweza.

Ukiamua kumtunza, jua kwanza kwamba atakua. Samaki wa urefu wa kiganja leo anaweza kufika sentimeta 30 na zaidi, na huishi miaka mingi, kumi au zaidi akitunzwa vizuri. Lita 400 zinamtosha kwa sasa, akiwa mkubwa zitakuwa za kubana. Usimweke na samaki yeyote anayeenea kinywani mwake, na usidanganywe na ukubwa wa mdomo ukiwa umefungwa, maana hufunguka kuliko unavyodhani. Usimweke pia na kikande au bunju, kwa sababu hao humchanachana mapezi. Wenzake wafaao ni samaki wakubwa wapole.

Chakula chake kiwe kamba wabichi wasiotiwa chumvi, vipande vya ngisi, na samaki wadogo wa baharini. Badilisha, usimpe dagaa pekee kila siku, kwa kuwa baadhi ya dagaa wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na samaki anayewala wao tu hudhoofika. Usimlishe samaki wa maji baridi walio hai kutoka kwa wauza mapambo. Mafuta yao hayamfai, na wanamzoesha kukataa chakula kingine. Kumzoesha nyama iliyokufa, shika kipande kwa koleo refu, kitikise mbele yake kama kitu kinachoogelea, uwe na subira. Mara mbili au tatu kwa wiki zinamtosha samaki wa umri huo. Atakuomba zaidi, atakufuata kila ukipita kwenye kioo, lakini samaki simba wa majumbani akilishwa kupita kiasi anaweza kufa kwa ini lililojaa mafuta.

Maji yasizidi nyuzi joto 28 kama unaweza. Kwa Dar shida yetu ni joto la Januari na Februari, wala hita huihitaji. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili tatu. Maji yanayopungua kwa mvuke yajazie kwa maji matamu yaliyochujwa vizuri, si ya chumvi, kwa sababu chumvi haipai na mvuke. Visima vingi vya Mbezi vina chumvi na madini yake, usivitegemee. Wakati wa masika usichote maji ya bahari karibu na midomo ya mito, maana mvua inateremsha uchafu wa jiji zima. Na weka pampu ya hewa ya betri kwa siku umeme ukikatika.

Sasa mkeo, ambaye hofu yake ni ya haki kabisa. Samaki huyu ana miiba 18 yenye sumu: 13 mgongoni, mitatu kwenye pezi la chini karibu na mkia, na mmoja kwenye kila pezi la tumboni. Yale mapezi makubwa ya kifuani yanayotisha hayana sumu. Kila mwiba una mifereji miwili iliyojaa tishu ya sumu, umevikwa ngozi nyembamba kama ala. Mwiba ukiingia mwilini, ngozi hiyo husukumwa nyuma na sumu huingia kwenye jeraha. Hakurushii sumu wala hakufuati kukuuma. Wengi wanaochomwa majumbani wamechomwa wakisugua kioo au kupanga mawe, macho yao yakiwa kwingine. Hata akifa, miiba inabaki hatari, kwa hiyo usiwaachie watoto mzoga wake.

Maumivu yake ni makali, hupanda haraka, mkono huvimba, na mtu anaweza kutapika au kusikia kizunguzungu. Kifo ni nadra sana, lakini mtoto, mzee, au mtu mwenye mzio asichukuliwe kwa wepesi. Akichomwa mtu, osha jeraha, toa kipande cha mwiba kinachoonekana, kisha tumbukiza sehemu hiyo kwenye maji ya moto, nyuzi 40 hadi 45, kwa dakika 30 hadi 90, ukiongeza ya moto kila yakipoa. Sumu hii ni protini, na joto huivunja. Chupa ya chai yenye maji ya moto na beseni vinatosha kuanzia. Ila maji uyapime kwa mkono wako mzima kwanza, maana aliyechomwa hasikii vizuri tofauti kati ya moto wa dawa na moto wa kuunguza, na watoto wamewahi kubabuka ngozi kwa namna hiyo. Usichanje, usifyonze, usifunge kamba juu ya jeraha. Baada ya hapo mpeleke kituo cha afya aangaliwe na achomwe sindano ya pepopunda kama hajachomwa. Akipumua kwa shida, akivimba uso, au akilegea, usisubiri maji ya moto yafanye kazi, nenda hospitali mara moja na maji hayo mnayo garini.

Kwa nyumba yenye watoto wadogo, mfuniko wa tangi uwe na kufuli, na asilishe mtu peke yake. Kama hilo haliwezekani kwenu, mpe mtu mwingine. Mrudie fundi aliyekuuzia. Mwulize kwa heshima pia kama ana kibali cha Idara ya Uvuvi kwa biashara ya samaki hai, maana asiye nacho hatakuwa na pa kumweka samaki huyo ila huko baharini ninakokukataza mimi. Ukikosa kabisa wa kumpokea, au akiugua asitibike, kuna njia ya kumpumzisha bila mateso: mafuta ya karafuu, yaleyale ya Zanzibar. Yatikise kwenye chupa yenye maji ya vuguvugu mpaka yawe kama maziwa, yamimine kidogo kidogo kwenye ndoo ya maji ya tangi lake mpaka alale, kisha ongeza hadi karibu nusu mililita ya mafuta kwa kila lita, umwache humo dakika nyingi baada ya matamvua kusimama. Mfukie ardhini, na usimle, hasa kama umewahi kutia dawa tangini.

Siku ya kumhamisha usitumie wavu, kwa sababu miiba inanasa, na kuinasua ndiko watu wanakochomwa. Zamisha chombo kigumu cha plastiki, msukume aingie kwa kijiti kirefu, funika ukiwa bado majini, kisha chombo chote kiingie kwenye ndoo yenye mfuniko. Mfuko laini hautafaa, atautoboa kabla hujafika Mwenge. Mpigie fundi kabla hujatoka, akuhakikishie tangi lipo tayari na chumvi ya maji yake inakaribiana na ya kwako. Maji uliyombebea usiyamwage kwenye mtaro unaoelekea baharini, yamwage chooni. Na fundi akikukatalia, niandikie tena wiki hiihii, nitakutafutia mfugaji mwenye tangi la kumtosha.